Kiinua mgongo changu au madeni ya mwanangu?

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 61, naishi Tanga. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka 35, muuguzi, ameolewa na yuko Dodoma. Wa pili ni mvulana wa miaka 29, na ndiye anayenikosesha usingizi.

Baba yao alifariki kijana akiwa na miaka minne na dada yake kumi. Siku ya arobaini mama mkwe wangu alinishika mkono akaniambia, "Huyu yatima asilie ndani ya nyumba hii." Neno lile lilinikaa. Nikaapa moyoni kwamba hatalia, na kweli hakulia.

Mshahara wa mwalimu unaujua. Tulikuwa na kuku watano uani, na yai likipatikana lilikuwa la kijana. Dada yake ndiye aliyelichemsha asubuhi, akalimenya, akalinyunyizia chumvi, akalikata vipande akamwekea mdogo wake kwenye kisahani. Yeye mwenyewe alikunywa uji akaenda shule. Sikuona ubaya. Nilijiambia msichana ni mkubwa, anaelewa.

Kijana hakuosha chombo, hakufua, hakuteka maji. Alipovunja kioo cha jirani nililipa mimi, kisha nikamnunia jirani. Alipokuwa darasa la sita mwalimu mwenzangu alimpa adhabu kwa kutofanya zoezi, nikaenda nikamfokea yule mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Mimi, niliyekuwa nikiwaadhibu watoto wa wenzangu kila siku kwa kosa hilohilo.

Kidato cha nne alipata sifuri. Nikampeleka chuo cha kompyuta, akaacha. Mwaka 2019 nilichukua mkopo kwa dhamana ya mshahara nikamnunulia pikipiki. Hesabu aliniletea wiki mbili tu. Baada ya miezi minane akasema imeibwa, lakini niliiona kijiweni ikiendeshwa na mtu mwingine. Nikanyamaza. Mwaka 2022 nikamfungulia kibanda cha uwakala wa kuweka na kutoa fedha, floti ya milioni moja na nusu. Miezi mitatu floti ikayeyuka. Nilijua ilikokwenda siku niliyokuwa nafua suruali zake: mifuko imejaa mikeka ya kubeti, iliyolowa na kugandana.

Akaoa. Mkwe wangu alivumilia miaka mitatu, mwaka jana akarudi kwao Korogwe. Mjukuu wangu wa miaka minne yuko kwangu, na baba yake naye yuko kwangu.

Nilipostaafu nilimalizia nyumba, nikabakiwa na milioni 17. Hizo ndizo uzee wangu, ukiacha pensheni ya mwezi. Mwezi wa tatu simu yangu ilianza kupokea meseji za watu nisiowajua: "Mwanao ni tapeli, mwambie alipe." Zikaenda kwa binti yangu, zikaenda mpaka kwa mwalimu mkuu niliyefanya naye kazi. Kumbe kijana amekopa kwenye programu nne za simu, jumla 1,900,000. Kuna na mtu wa mtaani, hawa wakopeshaji wa riba kubwa wanaoitwa kausha damu, alimpa milioni tatu na sasa anadai 4,300,000. Kijana anataka nilipe zote, halafu nimnunulie bajaji. Anasema akipata bajaji atatulia.

Nilimwambia naomba nifikiri. Hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini, "Basi mtanizika, tupumzike wote," akaingia chumbani akafunga mlango. Mshauri, mimi tangu siku hiyo nalala nikisikiliza mlango ule.

Shemeji yangu anasema nimfukuze. Alinitolea methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wenzangu wa kikoba wanasema nilipe, mtoto wa kiume ni huyo mmoja. Nilimpigia binti yangu kumwomba ushauri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, mimi ulinilea. Yeye ulimtumikia. Usiniombe nichague." Ni mwezi wa pili sasa hajapiga.

Na juzi mjukuu alikataa ugali, akajitupa chini, akapiga kelele. Nikampa simu yangu atazame katuni. Nilikuwa nimeshampa ndipo nikauona mkono wangu.

Nilipe? Nimfukuze? Au nimeshachelewa?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nitaanza na ule mlango uliofungwa, kabla ya madeni, kabla ya bajaji.

Kwa barua peke yake siwezi kujua kama kijana anatafuta kamba ya kukuvuta au kweli amechoka kuishi. Mtu mwenye madeni, aliyeachwa na mkewe, anayeaibishwa kwa meseji kwa watu wote wanaomfahamu, anaweza kabisa kuwa amechoka. Kwa hiyo lichukue neno lile kama kweli. Kaa naye leo, umuulize waziwazi: "Uliposema tutakuzika, ulimaanisha unataka kujiua?" Wazazi wengi huogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi wazo, linampa nafasi ya kusema. Sumu ya panya, dawa za wadudu, dawa zako za hospitali, vyote viwe mahali asipofikia. Akikiri kwamba anawaza hivyo, au ukiona amenyamaza kwa namna isiyo ya kawaida yake, asibaki peke yake, na mfuatane hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo siku hiyohiyo. Mwite shemeji yako akusaidie katika hili, naamini akielezwa vizuri atakuja bila methali.

Ila usichanganye mambo mawili. Kulichukulia tishio kwa uzito ni kukaa naye na kumfikisha kwa daktari. Bajaji haitibu maumivu ya namna hiyo. Ukilijibu kwa pesa, basi kama anaumwa kweli atabaki bila tiba, na kama ilikuwa kamba atajifunza kwamba inavuta.

Sasa tuje kwenye ulichouliza. Umeuliza maswali matatu, lakini nyuma yake nasikia moja: je, mimi ndiye niliyemharibu mwanangu, na kama ni mimi, si nami ndiye ninayepaswa kulipa?

Niruhusu nilipinge kidogo swali hilo. Ulikuwa na miaka 36, mjane, watoto wawili, mshahara mmoja. Mama mkwe alikupa agizo siku ambayo hukuwa na nguvu ya kupinga agizo lolote. Wajane wengi waliobaki na mtoto mdogo hufanya ulichofanya: kila mtoto anapolia wanasikia msiba upya, kwa hiyo wanauzima ule mlio haraka. Ulikuwa unatuliza na kilio chako mwenyewe, Mwalimu. Nataka ujihurumie hapo kabla hatujaendelea.

Na si kila kilichompata kijana kimetoka kwenye kisahani cha yai. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa. Wapo vijana waliolelewa kwa fimbo na njaa, leo wana mikeka mifukoni kama wako. Mtu anayeuza pikipiki, anamaliza floti, anakopa programu nne kwa mpigo, huenda ana tatizo linalohitaji mtaalamu wa afya ya akili, na hapo tabia mbaya ya kudeka haitoshi kueleza kila kitu. Mkienda hospitali kwa lile la kwanza, litajeni na hili.

Baada ya kusema hayo, malezi nayo yana mchango wake, nisikudanganye. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, aliwachunguza watoto wadogo na wazazi wao kule California. Aliwaona wazazi wanaoamrisha bila upole, wazazi wapole wasiodai chochote, na wazazi wenye upole ambao pia wanadai. Watoto wa wale wapole wasiodai ndio waliokuwa dhaifu zaidi katika kujitegemea na kujizuia. Ninachopenda katika kazi yake ni kwamba upole haukuwa kosa. Kilichokosekana ni kudai. Kwa hiyo wanaokuambia ulimpenda kupita kiasi, mimi siafikiani nao. Upendo haukuzidi. Ulimpa mwanao karibu kila kitu, isipokuwa kitu kimoja: hakuna aliyewahi kumhitaji.

Litafakari yai. Dada yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ana kazi ambayo asipoifanya mtu hali chakula. Kwa hiyo alijua ana maana katika nyumba ile, japo alikuwa anaumia. Kijana alikaa akasubiri kisahani. Hakuna siku alikosea kumenya yai akalipasua, akacheka, akajaribu tena kesho. Kioo kilipovunjika alitazama wewe ukilipa. Zoezi asipofanya alitazama wewe ukipigana. Mtoto wa namna hiyo akifika miaka 23 ukampa pikipiki, anaipokea kama alivyolipokea yai. Hesabu ya jioni ni lugha ambayo hakufundishwa. Na mkeka wa kubeti unamfaa sana mtu kama huyo, kwa sababu unaahidi kitu kikubwa kitakachokuja chenyewe ukiwa umekaa.

Tuje kwenye pesa. Kwanza ujue unaposimama. Mwanao ni mtu mzima. Deni la mtu mzima ni lake, halikuhusu wewe kisheria ikiwa hukuweka saini ya udhamini. Usiweke sasa, na hati ya nyumba asiione mtu. Hao wa programu za simu, ukopeshaji nchini unatakiwa uwe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Tafuteni kama zile nne zimo. Kusambaza deni la mtu kwa ndugu na mwalimu mkuu ni jambo la kulalamikia Benki Kuu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa mambo kama hayo. Hifadhini meseji zote, msizifute kwa hasira. Yule wa mtaani, muombeni maandishi: alitoa kiasi gani, lini, amesharudishiwa kiasi gani. Akitisha mtu, nendeni polisi. Hayo yote, naomba, afanye kijana, wewe uwe pembeni yake. Zoezi ni lake.

Ukilipa zote 6,200,000, meseji zitakoma na utalala. Siidharau nafuu hiyo. Lakini utakuwa umetoa zaidi ya theluthi ya uzee wako, na itakuwa mara ya tatu kumnyanyua bila yeye kugusa mzigo. Nina hofu kwamba zile programu zitamkopesha tena kwa sababu sasa zinajua kuna mama anayelipa. Ukinunua na bajaji juu yake, umebakiwa na nini? Na wewe ukiugua, nani atalipa? Jibu la swali hilo unalijua, yuko Dodoma.

Usipolipa hata shilingi, riba za yule wa mtaani zinapanda, na watu hao wakija hawabagui chumba cha mdaiwa na chumba cha mama. Kijana anaweza kukimbia mji, au kuzama zaidi. Mtu aliyesema "mtanizika", kumwachia mzigo wote ghafla pia kuna hatari yake.

Kuna wazazi wanaopita katikati. Mnakaa mezani na daftari, yeye ndiye anaandika kila deni kwa mkono wake. Mzazi anaamua kiasi ambacho akikipoteza hakitamvunja, anakilipa mwenyewe moja kwa moja kwa mdai mmoja, hakipitii mkononi mwa kijana, na mengine kijana anayalipa kwa kibarua, kidogokidogo. Njia hii nayo ina udhaifu wake. Inahitaji ushike neno lako miezi mingi, na historia yenu inaonyesha kwamba hapo ndipo unapolegea. Ukijua hutaweza peke yako, mtafute afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akae nanyi, au mtu mzima ambaye kijana anamheshimu na wewe unamwogopa kidogo.

Kuhusu kumfukuza, sikwambii ndiyo wala hapana. Kwa sasa, na lile tishio halijaeleweka, mimi ningeogopa. Ila kubaki nyumbani kunaweza kuwa na masharti, na masharti yaanze madogo mpaka yaonekane ya kipuuzi. Sahani aliyolia chakula aioshe. Suruali zake afue mwenyewe, na mifuko ni yake kuikagua. Tarajia mambo yawe mabaya kabla hayajawa mazuri: mtu aliyezoea "ndiyo" akikutana na "hapana" ya kwanza huvuta kwa nguvu zaidi, kwa sababu siku zote mlango ulifunguka akivuta. Sahani itakaa mezani, sisimizi watakuja, nawe utaiona kila ukipita. Usipoiosha siku ya kwanza na ya pili, utakuwa umefanya kazi ngumu kuliko kulipa milioni sita.

Kisha mjukuu. Umeniandikia mistari mitatu tu juu yake, lakini kwangu hapo ndipo penye mwanga, kwa sababu safari hii mkono wako umeuona mwenyewe. Mtoto wa miaka minne anayelia kwa kukataa ugali hayuko hatarini. Kaa karibu naye, mwambie "naona umekasirika, ugali ndio uliopo," na umwache alie. Kilio kina mwisho. Kulia kwake hakusemi kwamba wewe umemkosea marehemu. Na anaweza kazi: kubeba kisahani chake jikoni, kuwamwagia kuku mtama, kumenya yai lake mwenyewe hata likiharibika nusu.

Hapa nina wazo, nalo ulipime wewe unayewaona. Yule mtoto ana baba, na baba huyo hana kazi asubuhi. Nani anamwogesha na kumpeleka chekechea? Kama ni wewe, huenda kuna siku, baada ya daktari kuridhika na hali ya kijana, ukamwachia kazi hiyo. Mtoto akichelewa shule, achelewe mikononi mwa baba yake. Sisemi mtoto awe dawa ya baba, huo ni mzigo usiomfaa. Nasema tu kwamba katika nyumba hiyo kuna mtu mmoja anayemhitaji kijana kweli, na ana miaka minne.

Umeuliza kama umechelewa. Kumkunja angali mbichi, muda huo umepita, na huwezi tena kumlea. Lakini mtu wa miaka 29 anaweza kujifunza mwenyewe, wengi wamejifunza wakiwa na umri mkubwa kuliko huo, mara nyingi baada ya mtu fulani kuacha kuwafanyia. Lini, na kama itatokea, hilo halimo mikononi mwako, na najua hilo ndilo linalouma.

Nimebakiza binti yako. Aliposema "usiniombe nichague", nadhani ulisikia lawama. Mimi nilisikia pia mtoto wa miaka kumi aliyempoteza baba siku ileile mdogo wake alipompoteza, na hakuna aliyemwambia kwamba naye asilie. Alipewa yai la kumenya. Miaka 25 baadaye mama anampigia, na mazungumzo ni mdogo wake tena.

Mpigie, Mwalimu. Usingoje mambo ya kijana yakae sawa. Usimtaje kijana, wala deni, wala meseji, hata akiuliza mwambie hilo la kesho. Muulize habari za zamu zake na mguu unavyomuuma akisimama usiku kucha wodini. Kisha mwambie unayakumbuka yale mayai, na kwamba unakumbuka nani aliyamenya. Asipopokea, mwandikie kwa mkono, kwa mwandiko wako wa ubaoni ambao ameujua tangu hajaanza shule.